Magoti ya Ijumaa Kuu

Yustina mwanangu,

Umetoka na shangazi yako kutafuta sabuni. Kwa kuwa sabuni siku hizi hutafutwa kwa tochi mchana kweupe, najua mtachelewa, na mimi nimepata nafasi. Nimekaa kizingitini kwa shangazi yako hapa Kawajense, Mpanda mjini, karatasi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Usininunie. Hesabu zenyewe ulikuwa umekosa.

Kesho utapanda garimoshi kwenda Tabora kusomea uuguzi, na mimi nitapanda lori kurudi Mpimbwe. Mambo ya kula, kuvaa, kutunza hela na kukwepa wavulana sitayaandika. Shangazi yako alikueleza yote jana, na nyumba hii ukuta wake ni wa fito. Niliyasikia, mengine yakanitia aibu, nikatoka nje kutazama mbuzi wa watu.

Mimi nataka kukueleza habari ya kaka yako Leonardi.

Ndiyo, nimelitaja. Najua utalisoma jina hilo mara mbili kuhakikisha ni mwandiko wangu. Nyumbani kwetu kila mtu amekuwa akilizunguka kama chungu kilicho motoni, na aliyewasha moto ni mimi. Kesho garimoshi lako likifika Kaliua litasimama kungoja lile la Kigoma, na Leonardi anafundisha shule ya msingi pale pale Kaliua. Nakuomba ushuke ukamtafute. Lakini siwezi kukutuma kwake bila kukwambia kilichomwondoa nyumbani. Ulikuwa mdogo, ukaambiwa nusu, na nusu yenyewe nilikwambia mimi.

Unaikumbuka Ijumaa Kuu ile ya kwanza baada ya operesheni kutuhamishia kijiji kipya? Kanisa lilikuwa miti na nyasi tu, kuta bado. Padre alikuwa parokiani kama kawaida, na sisi wa vigangoni tunajitegemea. Katekista ni mimi, ibada naiongoza mimi. Siku ile kuna zile sala ndefu: tunaombea Kanisa, Papa, wakatekumeni wanaongoja ubatizo, Wakristo wenzetu, Wayahudi, wasiomjua Kristo, watawala. Kwa kila ombi katekista anasema, "Tupige magoti," watu wanashuka, kimya kidogo, kisha "Simameni."

Isipokuwa ombi moja. Mwalimu wangu wa dini, marehemu sasa, alinifundisha ujanani kwamba tukifika kwa Wayahudi hatupigi magoti. Tunawaombea tumesimama, haraka haraka, tunapita. Sababu yake alisema ni hii: Wayahudi walimpigia Bwana magoti kwa dhihaka, wakamwita mfalme huku wakimpiga, basi sisi tusilirudie goti lile. Jamani, nililipenda neno hilo! Kijana akijua jambo ambalo wenzake hawalijui anatembea kifua mbele. Nikalifundisha miaka yote. Kigango kizima, hata kina mama wenye watoto mgongoni, walijua kwamba hapo watu husimama.

Baadaye mambo yakabadilika huko Roma. Padre akatuita makatekista, akatupa kitabu kipya, akasema wazi kwamba magoti ni kwa kila ombi, na la Wayahudi pia. Maneno yenyewe hayakuwa yale ya zamani. Sasa tunawaombea kama watu waliotangulia kulisikia neno la Mungu, wazidi kulipenda jina lake na kulishika agano lake. Nikaitikia, "Ndiyo, Padre." Nikarudi kijijini. Maneno mapya nikayasoma, lakini watu nikawaacha wamesimama. Nani angeniona? Padre yuko mbali, na barabara yetu wakati wa masika unaijua.

Leonardi aliona. Alikuwa amekuja likizo kutoka seminari ndogo, amekonda, maswali mengi. Siku ya Alhamisi Kuu, mama yako akiwa anapepeta mchele, akaniuliza kwa adabu tu:

"Baba, kesho tutapiga magoti kwa ombi la Wayahudi?"

"Hapo hatupigi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akaingia ndani, akaleta Injili, akaniwekea kidole. "Soma hapa, Baba. Waliompigia magoti kwa dhihaka ni askari wa Pilato. Ni Warumi."

Yustina, maneno yale nilikuwa nayasoma kila mwaka kwa sauti mbele za watu! Na ni kweli, ni askari. Imeandikwa hapo siku zote. Mtu mwenye akili angesema, "Loo, asante mwanangu." Mimi nikasema, "Kumbe nimekupeleka seminari ukajifunze kunisahihisha?"

Naye maskini akadhani bado tunazungumza dini. Akaendelea. "Baba, Yesu mwenyewe ni Myahudi. Mama Maria ni Myahudi, Petro, Paulo, wote. Mungu aliwaita mzaliwa wake wa kwanza, na hakusema popote kwamba amewavua jina hilo. Sisi ni wadogo zao. Tumekaribishwa nyumbani kwao." Nikamjibu kwamba wao waliitwa wakakataa, sisi tumekaa mahali pao, kwisha habari. Akanitazama, akasema, "Kwani kwa Mungu kuna kiti kimoja, kwamba akikaa huyu lazima yule ainuke?"

Nikamwambia aende akafunge kuku.

Kesho yake nikafika kwenye ombi lile. Nikalisoma. Watu wamesimama kama desturi. Mara nikasikia majani tuliyoyatandika chini yanachakarika, nikainua macho, Leonardi amepiga magoti. Peke yake, katikati ya kanisa zima. Watu wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Nikasema, "Simama." Hakusimama. Nikasema tena, kwa sauti isiyofaa siku ile wala siku nyingine yoyote, "Leonardi, simama, au baki huko na Wayahudi wako!" Akabaki. Alimaliza sala yake, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akainuka mwenyewe, taratibu.

Nyumbani sikumpiga. Afadhali ningempiga. Nilimwambia nyumba hii ina baba mmoja na kanisa hili lina katekista mmoja, na asiyemtaka wa hapa akatafute kwingine. Mimi nilikuwa natisha tu, lakini yeye aliyapokea maneno kama yalivyosemwa. Jumamosi Kuu alfajiri alikuwa ameshaondoka. Pasaka tulikula bila yeye, nawe ukauliza, "Kaka yuko wapi?" Nikasema amerudi shule mapema. Hiyo ndiyo nusu uliyoambiwa.

Siku moja mama yako akanitengea chakula, akasimama. "Umemfukuza mwanao," akasema, "kwa ajili ya watu ambao hujawahi kumwona hata mmoja." Akaenda zake jikoni.

Ni kweli, sijawaona. Maishani mwangu nimeona Wafipa, Wasukuma na ng'ombe wao, Waha, Warundi waliokuja wamebeba watoto na mikeka. Myahudi sijamwona. Sikuwachukia, nianzie wapi kumchukia nisiyemjua? Nilichokipenda ni kuwa juu ya mtu. Mtu mnyonge kama mimi, mwenye jembe na kanzu moja ya ibada, nilipata watu wa kusimama juu yao mara moja kwa mwaka, na mwanangu akaja kuniondolea. Usichanganye haya na habari za redioni za serikali yao na vita vyao na majirani. Hayo yana wenyewe, na mimi sina elimu nayo. Nazungumza habari ya Mungu na watu aliowaita kwanza.

Basi Leonardi akaondoka, na mimi nikafanya vile vile nilivyowafanyia Wayahudi. Nikajaza mahali pake. Masomo ya Jumapili aliyokuwa akiyasoma yeye nikakupa wewe. Ulifurahi, ulikuwa msichana mdogo, ukapanda juu ya kile kigogo ili watu wakuone. Ulisoma vizuri na unasoma vizuri, hilo silifuti.

Lakini lile la kaburini, mwanangu.

Mama yako alipofariki, aliyempelekea Leonardi habari ni Padre, si mimi. Alifika mwili umeshashushwa, amejaa vumbi la lori. Kwetu unajua ilivyo: mume akishatupa udongo, anafuata mzaliwa wa kwanza, ndipo wengine. Nilitupa wangu. Watu wote wakageuka kumtazama Leonardi, naye akasogea, ameshainama kuchota udongo. Mimi nikasema, "Yustina, njoo."

Ulinitazama mimi, ukamtazama yeye. Macho yako yalikuwa yamevimba hata huoni vizuri. Ukaja, kwa sababu nilikulea utii. Leonardi akauachia ule udongo, akarudi nyuma, akangoja zamu yake pamoja na majirani. Jioni akaondoka na lori la mpunga, bila kula kwetu.

Tangu siku ile hujawahi kuniuliza habari zake, nami najua kwa nini. Unaona haya kukutana naye. Basi mzigo huo utue hapa hapa Mpanda, usiupandishe kwenye garimoshi. Mkono ulikuwa wako, amri ilikuwa yangu. Wewe hukumnyang'anya kaka yako kitu. Mimi ndiye niliyekupa kitu ambacho hakikuwa changu kukitoa.

Unataka kujua nani alinigeuza? Ni wewe, na wala hukujua. Jumapili moja ya kiangazi mwaka jana, mpunga umeshavunwa, ulisimama ukasoma Waraka kwa Warumi. Paulo anawalilia ndugu zake Wayahudi, kisha anasema Mungu akishaita hajuti, na alichokitoa hakirudishi mfukoni. Ulisoma kwa ile sauti yako ya mama yako. Ukakaa. Watu wakanitazama mimi niwaeleze. Nikasimama pale mpaka watoto wakaanza kucheka, mwisho nikaanzisha Nasadiki, tukasali, watu wakaenda makwao mapema. Bibi Anastazia, jirani yetu asiyeogopa mtu, akanipitia mlangoni: "Katekista, leo umeyameza mahubiri? Asante sana, maharage yangu leo hayataungua."

Nilirudi nyumbani nikaisoma sura yote. Paulo anatoa mfano wa mzeituni, kwamba sisi ni matawi ya mwituni yaliyopachikwa kwenye shina la wengine. Mzeituni siujui. Lakini yule bwana shamba alitufundisha kubebesha, yaani kupachika tawi la mchungwa kwenye shina la mlimao, na mchungwa wetu pale uani ni wa namna hiyo. Watu wanausifu, wanachuma, wanakula, hakuna anayeukumbuka mlimao, na maji yote yanapanda kwa mizizi ya mlimao. Nilikaa chini ya mti ule jioni nzima, nikajicheka. Tawi zima limekuwa likilisimanga shina lake, tena kwa sauti, tena kanisani.

Halafu kuna mdomo wangu. Mgeni akiniuliza, "Mzee, una watoto wangapi?" nasema, "Wawili." Hata miaka ile ya hasira kali sikuwahi kusema mmoja. Nilijaribu siku moja mnadani, neno likanigomea. Na jaruba la Leonardi kule bondeni sikumpa mtu. Nililima, nikavuna, mpunga wake nikauweka peke yake, huku nikijiambia bado nimemkasirikia. Sasa nikawaza: ikiwa mimi, mtu mwenye hasira za nyuki, nimeshindwa kumtoa mwanangu katika hesabu, Mungu angewezaje kuwatoa wa kwake? Aliwakasirikia, ndiyo, manabii wamejaa hasira hizo. Lakini kuwahesabu hakuacha.

Utasema hii ni habari ya mwana mpotevu. Hapana. Hapa aliyepotea ni baba.

Ijumaa Kuu ya mwaka huu ulikuwepo. Nilipofika kwa ombi lile nikasema, "Tupige magoti." Hakuna aliyeshuka. Walidhani uzee umenipanda kichwani. Bibi Anastazia akanikumbusha, na unajua hajui kunong'ona: "Katekista, hapo huwa tunasimama!" Nikawaambia, "Tulikuwa tunakosea. Aliyewakosesha ni mimi." Nikashuka kwanza, nao wakashuka mmoja mmoja, mpaka Bibi Anastazia na fimbo yake. Niliwaombea Wayahudi, Yustina, kwa mara ya kwanza niliwaombea kweli. Niliwaombea kama watu wa nyumba moja na mimi, wakubwa zangu, niliokuwa nimewakalia kiti bila wao kuhama. Na kila nilipowataja nilimwona Leonardi kwenye yale majani, kichwa chini, peke yake.

Kisha nikasema, "Simameni," na mimi mwenyewe nikashindwa kusimama. Magoti haya yaliyokaa kwenye maji ya mpunga maisha yote yakagoma. Watu walidhani bado nasali. Ni wewe uliyekuja ukanishika kwapani, ukaninong'oneza, "Egemea hapa, Baba." Ulisimama pale pale alipokuwa akisimama kaka yako kusoma masomo.

Keshokutwa nitafika nyumbani. Nitafungua mlango, kuku watanikimbilia wakidhani ni wewe. Nitapika ugali wa watu wengi halafu nitautazama. Nina upweke, mwanangu, hata kabla hujaondoka; tangu mama yako aende nimekuwa nikikuwekea wewe maneno yote ambayo mtu humwambia mkewe, na kesho nitakuwa nayaambia masufuria. Sikwambii haya ili ubaki. Thubutu! Ukisema unabaki nitakupandisha garimoshi kwa fimbo mbele ya abiria wote.

Ule mfuko niliofunga kwa kamba ya katani, uliokuwa ukiuliza una nini, ni mchele wa jaruba la Leonardi. Mpelekee. Ukishuka Kaliua uliza nyumba za walimu, usikae kituoni ukitafuta ujasiri, garimoshi halitakungoja. Mwambie msalaba wa mama yake nimeuchonga wa mninga, umeegemea ukuta nyuma ya nyumba. Watu wananiuliza kwa nini kaburi halina msalaba mpaka leo. Kuusimika ni kazi ya mzaliwa wa kwanza, na mimi huyo ninaye, yuko Kaliua, anafundisha. Sitamwita mwingine.

Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Usimbembeleze. Usinitetee pia, nakujua. Akitaka kusoma barua hii mpe asome. Asipotaka, mwachie mchele, mwamkie kama kaka yako mkubwa, na urudi kwenye behewa lako. Na wewe huko uendako, ukipewa mahali pa heshima, uliza kwanza ni pa nani, na mwenyewe yuko wapi. Hilo tu ndilo nililojifunza katika ukatekista wote huu, na limenigharimu.

Nawasikia mnakuja. Shangazi yako anacheka, basi sabuni imepatikana. Nitaificha barua hii katikati ya kanga zako, utaikuta garimoshi likishaondoka, usije ukanitazama usoni baada ya kuisoma.

Leonardi akikuuliza baba anataka nini hasa, usianze habari za Warumi wala za mlimao. Mwambie Ijumaa Kuu itakuja tena, na wewe Yustina hutakuwepo kunishika kwapani. Mwambie kupiga magoti Baba siku hizi anapiga, kwa wote. Kuinuka ndiko kunakomshinda.

Ni mimi,
Baba yenu.